Kuugua Malaria ni Jambo Moja, Kuzidiwa ni Jingine

"Mwenye selimundu hapati malaria." Kauli hii huzunguka sana, kwenye makundi ya simu, kwenye foleni za kliniki, hata midomoni mwa watu waliosoma. Ina chembe ya ukweli ndani yake, na chembe hiyo ndiyo inayoifanya iwe ya hatari. Mzazi mwenye mtoto mgonjwa wa selimundu, ugonjwa wa kurithi unaopinda chembe nyekundu za damu, akiiamini, ataona homa inapanda na atatafuta sababu nyingine yoyote isipokuwa malaria. Kumbe mtoto huyo akiipata malaria, hatari yake ya kufa ni kubwa kuliko ya mtoto asiye na ugonjwa huo. Anayelindwa ni mtu mwingine kabisa: yule aliyerithi jeni ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu, ambaye aghlabu hana dalili yoyote na hajui hata kama anayo.

Kauli za namna hiyo ziko nyingi. "Mimi kundi langu la damu ni O, malaria hainiwezi." "Nimekulia kwenye mbu, nimeshazoea." "Wadudu ni wawili tu, usihofu." Kila moja imeshika kipande cha jambo la kweli ikakivuta mpaka kikakatika. Ukizichunguza utaona zote zinachanganya maswali mawili: nani ataambukizwa malaria, na nani, kati ya walioambukizwa, atazidiwa. Jeni tunazorithi na kinga tunayoijenga hufanya kazi kubwa zaidi kwenye swali la pili.

Na swali hilo la pili ni zito. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2023 kulikuwa na wagonjwa wa malaria milioni 263 na vifo 597,000. Hivyo ni vifo viwili na kidogo kwa kila wagonjwa elfu moja. Asilimia 95 ya vifo vilitokea katika Kanda ya Afrika, na takriban robo tatu ya hivyo vilikuwa vya watoto wa chini ya miaka mitano. Matibabu kuchelewa ni sababu kubwa, hilo halina ubishi. Lakini hata pale ambapo watoto wawili wanalala nyumba moja, wanaumwa na mbu walewale na wanafikishwa hospitali saa ileile, mmoja anaweza kucheza kesho yake na mwingine akapoteza fahamu.

Maneno machache kabla ya kuendelea

Kinachosababisha malaria ni kimelea, kiumbe cha seli moja kinachoenezwa na mbu jike wa jamii ya Anopheles. Viko vya aina tano vinavyowapata binadamu, na kinachoongoza kwa kuua ni Plasmodium falciparum. Nikisema kimelea bila kutaja aina, namaanisha hicho.

Jeni ni kipande cha maelekezo ya urithi ambacho mwili hukifuata kutengenezea protini fulani. Kwa jeni karibu zote unazo nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Kinga ni uwezo wa mwili kutambua kisicho chake na kupambana nacho. Kingamwili ni protini ambazo mwili huzitengeneza ili zimnase adui mmoja mahususi.

Halafu kuna malaria kali. Watu wengi hudhani ni malaria yenye homa kubwa, lakini homa peke yake haitoshi. Malaria huitwa kali inapoanza kuharibu kazi ya viungo vya mwili: mgonjwa amepoteza fahamu au anapata degedege mfululizo, damu imepungua kupita kiasi, anahema kwa nguvu kwa sababu asidi imejaa kwenye damu, figo zimelemewa, au macho yamekuwa ya njano. Mtu anaweza kutetemeka mpaka kitanda kikagonga ukuta na bado asiwe na malaria kali.

Kimelea kinachojificha

Mbu akiuma, vimelea vichache huingia mwilini na kukimbilia kwenye ini. Huko hukaa karibu wiki moja wakizaliana kimya kimya, bila homa wala kuumwa kichwa. Wakitoka kwenye ini huingia kwenye damu, na hapo kila kimoja hutafuta chembe nyekundu, hujipenyeza ndani yake, hula himoglobini iliyomo, yaani protini inayobeba oksijeni, na kujigawa. Baada ya saa 48 hivi chembe hiyo hupasuka na kumwaga vimelea vipya kati ya 16 na 32, ambavyo navyo hutafuta chembe nyingine. Homa hupanda wakati wa kupasuka huko.

Mpaka hapo falciparum haitofautiani sana na ndugu zake. Tofauti huja kwenye nusu ya pili ya zile saa 48. Kimelea kikishakomaa kidogo, husukuma protini zake mpaka juu ya ngozi ya chembe kilimojificha, kwenye vinundu vidogo vinavyoonekana kwa hadubini yenye nguvu sana. Protini hizo hunata. Chembe iliyoathirika hujishikiza kwenye kuta za mishipa midogo ya damu na kubaki pale, badala ya kuzunguka na damu mpaka kwenye wengu, ambako ingechujwa na kuharibiwa. Kwa kimelea, hiyo ni njia ya kukwepa kifo. Kwa mgonjwa ni mishipa inayoziba, na sehemu ya mwili inayokosa oksijeni. Ikitokea kwenye ubongo, ndiyo ile ambayo watu husema malaria imepanda kichwani.

Hapa ndipo hadithi ya "wadudu wawili" inapoanguka. Tone la damu linalotolewa kidoleni huonyesha hasa vimelea vichanga, vile ambavyo bado vinaelea. Vilivyokomaa vimenata ndani kabisa ya mwili na havionekani kwenye kioo. Mtoto mwenye vimelea vichache kwenye kipimo anaweza kuwa na vingi zaidi vilivyojificha, ilhali mtu mzima aliyeishi maisha yake yote kwenye malaria anaweza kuwa na vimelea vya kutosha kumlaza mgeni kitandani, naye akaenda zake kazini. Idadi kubwa mno kwenye kipimo ni ishara mbaya. Idadi ndogo haimpi mtu hakikisho lolote.

Selimundu, na kijana aliyekwenda Mlima Kenya

Anthony Allison alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1925 akakulia Kenya. Mwaka 1949, akisomea udaktari Oxford, alirudi Kenya na msafara wa chuo hicho uliokuwa ukielekea Mlima Kenya, na kazi yake ilikuwa kukusanya damu za watu wa makabila mbalimbali ili kuchunguza makundi ya damu. Akapima pia nani ana jeni ya selimundu. Alichokiona hakikufuata kabila wala lugha. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, zaidi ya mtu mmoja kati ya watano alikuwa nayo. Nyanda za juu na sehemu kavu hawakufika hata mmoja kati ya mia.

Fumbo lilikuwa hili: jeni hiyo ikirithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili huleta ugonjwa ambao, wakati ule, uliua watoto karibu wote waliokuwa nao kabla hawajakua. Jeni inayoua wenye nayo inapaswa kupungua kizazi hadi kizazi. Hii imewezaje kujaa namna hiyo? Allison aliweka ramani ya selimundu na ramani ya malaria pamoja, akaona zinafanana.

Alirudi miaka michache baadaye kuthibitisha. Karibu na Kampala alipima watoto 290. Kati ya 43 waliokuwa na jeni moja ya selimundu, 12 walikutwa na vimelea vya malaria; kati ya 247 wasiokuwa nayo, walikutwa navyo 113. Yaani asilimia 28 dhidi ya 46. Kisha akafanya jaribio ambalo leo hakuna kamati ya maadili ingelipitisha: aliwaambukiza malaria kwa makusudi wanaume Waluo 30 waliojitolea, nusu wakiwa na jeni hiyo na nusu hawana. Katika 15 wasiokuwa nayo, 14 waliugua. Katika 15 waliokuwa nayo, waliugua wawili. Matokeo yalichapishwa mwaka 1954, na hadi leo ni moja ya mifano iliyo wazi kabisa ya ugonjwa mmoja kubadilisha urithi wa binadamu.

Tafiti zilizofuata ziliichonga picha vizuri zaidi. Mwenye nakala moja ya jeni ya selimundu, ambaye vipimo humwandika AS, bado huumwa na mbu na bado vimelea huingia kwenye damu yake. Kinachopungua, kwa takriban asilimia 90, ni hatari ya malaria kali. Chembe zake nyekundu, zikishaingiliwa na kimelea na kukosa oksijeni, hupinda mapema na wengu huzifagia kimelea kikiwa hakijakomaa. Ndani ya chembe hizo kimelea hukua kwa shida pale oksijeni inapokuwa kidogo. Na zile protini za kunata hazipangiki vizuri juu ya ngozi ya chembe, kwa hiyo mshiko wake kwenye mishipa ni dhaifu.

Sasa mtoto mwenye SS, yaani aliyerithi jeni hiyo kwa baba na kwa mama. Chembe zake hupinda hata bila malaria. Damu yake iko chini kila siku, na wengu wake huharibika tangu utotoni, kwa hiyo lile chujio linalomsaidia mwenye AS halipo. Malaria ambayo ingemchosha mtoto mwingine huishusha damu yake haraka mpaka kiwango cha kuua. Ndiyo maana kliniki za selimundu katika maeneo ya malaria huwapa watoto hawa dawa za kuzuia malaria na kusisitiza chandarua. Wazazi wawili wenye AS, ambao wenyewe huenda hawajawahi kuzidiwa na malaria, katika kila mimba wana uwezekano wa asilimia 25 wa kupata mtoto mwenye SS. Ulinzi wa hao wawili na ugonjwa wa mtoto wao vinatoka kwenye jeni ileile.

Jeni nyingine, na hesabu isiyokamilika

Selimundu ndiyo inayojulikana, lakini haiko peke yake. Afrika Magharibi kuna himoglobini C, Asia ya Kusini-Mashariki kuna himoglobini E. Thalasemia, ambayo mwili hutengeneza himoglobini pungufu, imeenea kuanzia nchi zinazoizunguka Bahari ya Mediterania hadi Afrika na Asia, mahali ambapo malaria ipo au iliwahi kuwapo. Upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinachozilinda chembe nyekundu zisiharibike, huwagusa watu wapatao milioni 400 duniani, na wenyewe una sura mbili: unaonekana kupunguza malaria ya ubongo huku ukiongeza hatari ya kupungukiwa damu vibaya. Watu hao pia damu yao inaweza kupasuka wakipewa dawa ya malaria iitwayo primakwini kwa siku nyingi, kwa hiyo kipimo cha G6PD kabla ya tiba hiyo si urasimu wa hospitali.

Kundi O nalo lina haki yake. Chembe zilizoathirika hupenda kujikusanyia chembe nzima kuzizunguka, na vishada hivyo huchangia kuziba mishipa. Kwa watu wa kundi A, B au AB vishada hushikana zaidi kwa sababu vinajishikiza kwenye alama za makundi hayo. Mwenye O hana alama hizo, na hatari yake ya malaria kali hupungua kiasi. Hupungua, haiishi. Wodi za malaria zina watoto wengi wa kundi O, na sababu moja ni kwamba wenye O ni wengi.

Ukitaka jeni inayozuia karibu kabisa, iko ile inayoondoa alama ya Duffy kwenye chembe nyekundu, ambayo watu wengi wa Afrika kusini mwa Sahara wanayo. Mwaka 1976 Louis Miller na wenzake walionyesha kwamba Plasmodium vivax huhitaji alama hiyo kama mlango wa kuingilia, na ndiyo sababu aina hiyo ya malaria ni adimu katika sehemu kubwa ya Afrika. Hata hivyo wagonjwa wa vivax wasio na Duffy wameshaonekana, Madagaska kwa mfano. Na dhidi ya falciparum ukosefu huo hausaidii chochote.

Jeni iliyonivutia zaidi kati ya zote ni ile ya aina ya damu iitwayo Dantu, ambayo watu wengi hawajaisikia kwa sababu benki za damu haziipimi kwa kawaida. Ni adimu duniani, lakini hupatikana kwa wingi kiasi pwani ya Kenya. Nakala moja yake hupunguza hatari ya malaria kali kwa takriban asilimia 40. Watafiti waliotumia damu ya watoto wa Kilifi walieleza mwaka 2020 jinsi inavyofanya kazi, na maelezo yenyewe ni ya kimwili kabisa: ngozi ya chembe nyekundu yenye Dantu imekazwa zaidi. Kimelea hufika, hujishikiza, husukuma, na hushindwa kuikunja ngozi hiyo ili kipite. Jambo la kuvutia ni kwamba hata kwa watu wasio na Dantu, chembe ambazo kwa bahati zimekaza kupita kiwango fulani nazo hazipenyeki kirahisi.

Ukijumlisha jeni zote hizi unaweza kudhani jibu limekamilika. Hapana. Kilifi hiyohiyo, utafiti uliochapishwa mwaka 2005 uliwafuatilia watoto ili kupima ni kiasi gani cha tofauti zao za kuugua malaria kinatokana na urithi. Jibu lilikuwa karibu robo. Robo nyingine ilihusu mambo ya kaya wanazoishi. Na selimundu, yenye sifa zote hizo, ilieleza asilimia 2 tu. Yaani sehemu kubwa ya urithi unaotutofautisha imetawanyika kwenye jeni nyingi, kila moja ikiongeza au kupunguza kidogo.

Tena jeni hazijumlishwi kama pesa. Mwaka huohuo, Kilifi tena, ilionekana kwamba aina nyepesi ya thalasemia ya alfa hulinda, na jeni moja ya selimundu hulinda, lakini mtoto aliyerithi zote mbili kwa pamoja hukaribia kupoteza ulinzi wote. Kwa hiyo anayekuambia kwamba kipimo cha jeni moja kitakuonyesha kama wewe ni wa kuzidiwa au la, anakuuzia uhakika ambao hana.

Kinga inayojifunza polepole

Jeni huzaliwa nazo mtu. Kinga ya malaria hujengwa, na hujengwa kwa kuugua.

Mtoto mchanga huanza na akiba: kingamwili alizopewa na mama kupitia kondo la nyuma, pamoja na himoglobini ya utotoni ambayo kimelea hakiipendi. Takriban kwa miezi sita ya mwanzo malaria kali humpata mara chache. Akiba hiyo ikiisha, ndipo kipindi cha hatari kinapofunguka. Katika maeneo yenye malaria nyingi, mtoto hujifunza kwa mpangilio: kwanza mwili hujifunza kutokufa, baadaye kutokuugua sana, na kutoambukizwa kabisa karibu haujifunzi kamwe. Ndiyo maana watu wazima wengi huko wana vimelea bila homa.

Kwa nini ichukue miaka, ilhali surua mtoto akiugua mara moja basi? Kimelea ni kama mwizi mwenye mashati sitini, na kinga ni kama mlinzi anayekumbuka mashati tu, si sura. Zile protini za kunata zinazotokeza juu ya chembe hutengenezwa na kundi la jeni za kimelea zipatazo 60, na kimelea huonyesha moja kwa wakati. Mwili ukishatengeneza kingamwili za kulitambua shati la kwanza, baadhi ya vimelea vimeshavaa la pili. Kimelea cha mgonjwa mwingine kina mashati mengine kabisa. Mtoto hulazimika kuyaona mengi kabla mlinzi wake hajaanza kumkamata mwizi mlangoni. Inaonekana mashati yanayoleta malaria kali ni machache kuliko yote kwa jumla, na ndiyo sababu hatari ya kufa hushuka mapema zaidi kuliko homa za kawaida.

Kwamba kingamwili ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya kinga hiyo ilionyeshwa Gambia mwaka 1961. Watafiti walichukua damu za watu wazima wa huko, wakachuja kingamwili, wakawachoma sindano watoto waliokuwa wanaumwa malaria. Ndani ya siku chache vimelea kwenye damu ya watoto hao vilishuka sana. Kinga ya mtu mzima ilihamishwa kwenye chupa.

Mjamzito wa mimba ya kwanza anatuonyesha jambo hilihili kwa upande mwingine. Amekulia kwenye malaria, ana kinga, lakini sasa ana kiungo ambacho hakuwahi kuwa nacho: kondo la nyuma. Kimelea kina protini maalumu ya kunatia huko, na mwili wake haujawahi kukutana nayo. Anaugua upya, damu inapungua, mtoto anazaliwa na uzito mdogo. Mimba ya pili na ya tatu huwa nafuu kwa sababu kingamwili dhidi ya protini hiyo zimeshajengwa. Dawa anazopewa mjamzito kliniki hata kama hana homa zina maana hiyo, na anayezikataa kwa kuwa "mimi malaria hunipitia tu" anategemea kinga ya mwili uliokuwa hauna mimba.

Na aliyezoea mbu je? Kinga hiyo hufifia mtu akiishi miaka kadhaa mahali pasipo na malaria. Haipotei yote, lakini akirudi likizo bila dawa za kuzuia anaweza kuugua kama mgeni.

Chanjo zilizopo, RTS,S iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani Oktoba 2021 na R21 iliyofuata Oktoba 2023, hazifuati njia hiyo ya mashati. Zinamfundisha mtoto kukitambua kimelea kabla hakijafika kwenye ini, hatua ambayo kinga ya asili huigusa kidogo sana. Hazizuii kila ugonjwa, ila humpunguzia mtoto homa na hatari katika ile miaka ambayo bado anajifunza.

Kinga inapogeuka mzigo

Mpaka hapa kinga inaonekana rafiki. Si mara zote. Homa yenyewe ni kazi ya kinga: chembe zikipasuka, mwili hutoa kemikali za kutahadharisha ziitwazo sitokini, na hizo ndizo hupandisha joto na kuleta maumivu ya viungo. Kwa kiasi, husaidia kuua vimelea. Zikizidi, huamsha kuta za mishipa zitoe vishikizo zaidi, na kimelea kinapata mahali pengi pa kunata. Upungufu wa damu nao hautokani tu na chembe zilizopasuliwa na vimelea. Chembe nzima zinazoharibiwa na mwili wenyewe ni nyingi zaidi, na uboho hupunguza kasi ya kutengeneza nyingine.

Blantyre, Malawi, watafiti waliwapiga picha za ubongo watoto waliopoteza fahamu kwa malaria na kutoa matokeo mwaka 2015. Katika watoto 168, walifariki 25, na 21 kati yao walikuwa na ubongo uliovimba vibaya. Kati ya 143 waliopona, waliokuwa na uvimbe wa namna hiyo walikuwa 39. Fuvu halitanuki. Ubongo ukivimba, husukumwa chini mpaka sehemu inayoendesha upumuaji inabanwa, na mtoto huacha kupumua. Kwa wengi waliopona, uvimbe ulishuka wenyewe ndani ya siku chache, jambo linalowapa watafiti tumaini kwamba kumsaidia mtoto kupumua katika muda huo kunaweza kuokoa maisha.

Mtu atauliza: kama kinga inachangia madhara, kwa nini isinyamazishwe kwa dawa? Lilijaribiwa. Thailand, mwaka 1982, wagonjwa 100 waliopoteza fahamu waligawanywa, wengine wakapewa deksamethasoni, dawa kali ya kutuliza kinga na uvimbe. Waliopewa walikaa bila fahamu kwa muda mrefu zaidi na wakapata matatizo mengine zaidi, na tangu hapo dawa hiyo haitumiki kwa malaria ya ubongo. Kipimo sahihi cha kinga, isiyolegea wala kupitiliza, mwili hukijua baada ya maambukizi mengi. Sisi bado hatujui kukiiga kwa sindano.

Kimelea nacho kina jeni zake

Hadithi hii husimuliwa kana kwamba binadamu peke yake ndiye anayebadilika. Mwishoni mwa mwaka 2021 ulichapishwa utafiti uliosoma kwa pamoja jeni za watoto waliolazwa kwa malaria kali nchini Kenya na Gambia, na jeni za vimelea vilivyokuwa kwenye damu yao. Watoto wenye jeni ya selimundu walikuwa wachache kwenye kundi hilo, kama ilivyotarajiwa. Lakini wale wachache waliokuwamo walikuwa na vimelea vya namna yake: vimelea vyenye mabadiliko katika sehemu tatu za jeni zao, ambavyo kwa wasio na selimundu havikuwa vya kawaida kiasi hicho. Dhidi ya vimelea hivyo, ulinzi wa AS ulipungua sana.

Kwa daktari aliye zamu, maana yake ni nyepesi kuliko sayansi yenyewe. Mtoto anayeshindwa kunyonya au kukaa, anayepata degedege, anayehema kwa kasi au aliyepauka viganjani anapimwa na kuanzishiwa artesuneti, dawa ya sindano ya malaria kali, bila kuulizwa kama ni AS au kundi O, na dozi hupangwa kwa uzito wake.